Nyongeza ya Mkono wa Kushoto

Ukitaka kumuudhi Ghanshyam, mwombe akupimie kitambaa kwa mita. Atakutazama juu ya miwani, atashusha pumzi, kisha atakuambia kwa upole kwamba mita zipo duka la jirani, tena nyingi tu. Yeye aliuza kwa wari, yaani yadi. Na wari yake ilitoka mwilini mwake mwenyewe: alishika ncha ya kitambaa kwa mkono wa kushoto, akaunyoosha mkono ule hadi kiwiko kikanyooka kabisa, akavuta kitambaa kwa mkono wa kulia hadi puani. Wari moja. Ya pili, ya tatu, ya nne, haraka kiasi kwamba mteja mgeni alidhani anaibiwa.

Fimbo ya chuma ya wari ilikuwepo kwenye kaunta kwa ajili ya wenye wasiwasi. Mwenye wasiwasi alipojipimia mwenyewe alikuta wari ni wari, haipungui hata unene wa kucha. Basi mafundi wa Ilala, wa Buguruni, wa Magomeni, wote wakawa na usemi wao kwamba kitambaa cha Ghanshyam hakipimwi mara mbili. Walikitoa mfukoni, wakakitandaza, wakakata. Kwa miaka arobaini na miwili, katika duka lake refu jembamba hatua chache tu kutoka Mtaa wa Msimbazi, hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya mtu huyu mfupi mwenye kipara, na alikuwa akiionea fahari kuliko alivyopenda kukiri.

Halafu kulikuwa na nyongeza. Kariakoo ukinunua nyanya utadai nyongeza, ukinunua dagaa utadai nyongeza, na muuzaji asiyetoa atasemwa hadi mtaa wa tatu. Kwa Ghanshyam nyongeza ilikuwa na sheria moja: haitolewi mpaka iombwe. Ukinyamaza, umeondoka na wari zako kamili na shukrani zake. Ukisema, “Babu, nyongeza!” hapo mkono wa kushoto ulirushwa nje, vidole vimetanuka, kitambaa kikaongezeka shubiri nzima na mkasi ukapita. “Unanimaliza wewe, mama,” alisema kila mara, akijifanya ameumia, na kila mara macho yalimcheka. Elisaria, mama wa Kirombo aliyefanya kazi dukani hapo miaka ishirini na sita na asiyemwogopa mzee hata kidogo, alikuwa akisema kwamba siku watu wakiacha kuomba nyongeza, Ghanshyam atafunga duka kwa huzuni.

Mwezi wa tatu Ghanshyam akaugua. Alikuwa anavaa viatu asubuhi, akakaa kitandani ghafla, akamwambia mkewe Indumati kwamba chumba kinamkimbia. Hospitali walisema ni kiharusi, upande wa kulia wa ubongo, lakini chepesi. Baada ya siku tisa alirudi nyumbani kwake Upanga akitembea mwenyewe. Anaongea vizuri, anatania vizuri, anajua majina ya wajukuu wote na ya wapangaji wa ghorofa nzima. Mkono wa kushoto ulikuwa mvivu kidogo, lakini daktari alimwambia abane kidole chake na akakibana mpaka daktari akaguna. Watu wakashukuru Mungu, kila mmoja kwa dini yake.

Indumati ndiye aliyeona jambo la kwanza, na alilificha. Alimpakulia mumewe wali na dengu, bamia pembeni, na Ghanshyam akala nusu ya sahani. Nusu kabisa, kama iliyokatwa kwa kisu. Wali wa upande wa kulia ukaisha hadi punje ya mwisho, wa upande wa kushoto ukabaki haujaguswa, na mzee akanung'unika kwamba tangu augue anapewa chakula cha mtoto. Indumati aliizungusha sahani taratibu, Ghanshyam akauona wali mwingine, akasema, “Ahaa, sasa ndiyo chakula,” akaendelea kula. Tangu siku hiyo kila mlo sahani ilizungushwa. Asubuhi alimnyoa shavu la kushoto ambalo mwenyewe aliliacha na ndevu zake, akisingizia kwamba anapenda tu kumnyoa. Alimpenda mno huyu bwana wake, akaona si lazima ajue kila kitu.

Mwezi wa tano akarudi dukani. Mwanawe Chintan, aliyekuwa akiendesha duka muda wote huo, alimwekea kiti, lakini kiti kilikaa peke yake. Kabla ya saa nne mzee alikuwa nyuma ya kaunta na jora la satini mikononi. Wateja wa zamani walifurahi kweli. Walimpa pole, walimletea machungwa, wengine walitokwa na machozi. Na kwa kuwa walimwonea huruma, hakuna hata mmoja aliyemdai nyongeza. Nani angekuwa na uso wa kumdai nyongeza mgonjwa? Walichukua kilichopimwa, wakashukuru, wakaondoka. Ghanshyam aliona tu kwamba watu wamekuwa wapole siku hizi, akafikiri labda maisha yamewachosha.

Zilipita wiki tano. Ndipo siku moja mchana akaingia Waridi, fundi cherehani wa Ilala, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara hata anaposema siri. Alikuwa amebeba mfuko mkubwa na hakuwa na machungwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Waridi. Karibu. Za kwako?”

“Zangu mbaya. Mzee wangu, umenipunja.”

Elisaria aliyekuwa juu ya ngazi na jora la lesi mkononi alibaki huko huko juu. Waridi akamwaga mfuko kwenye kaunta: magauni ya kwaya, kumi na manne, rangi ya zambarau, yameshonwa vizuri kweli. Alikuwa amenunua vipande kumi na vinne, wari tatu tatu, kwa mkono wa Ghanshyam mwenyewe, na kama kawaida hakupima mara ya pili. Alikunja kila kipande sehemu mbili, akakata upande wa juu kwanza, akaunga, na kilichobaki kikawa sketi. Jumapili kwaya ikasimama mbele ya kanisa, magauni yaliyotakiwa kugusa viatu yakawaishia katikati ya ugoko. Kina mama wazito wa kwaya, watu wazima na heshima zao, waliimba ibada nzima wamepiga magoti kidogo ili yaonekane marefu.

“Haiwezekani,” Ghanshyam alisema. Hakukasirika hata kidogo, alimwonea huruma. “Umekosea kukata, Waridi. Mafundi wote hukosea siku moja.”

“Basi nipimie sasa hivi, wari tatu, mbele ya macho yangu.”

Akapima. Alivuta kitambaa cha zambarau kutoka kwenye jora, akashika ncha kwa kushoto, akavuta hadi puani kwa kulia, moja, mbili, tatu, kwa ile kasi yake ya siku zote. Akaweka kitambaa kaunta, akatazama watu kwa utulivu wa mtu asiye na deni na yeyote. Hakuna aliyemtazama. Chintan alitazama sakafu. Waridi, aliyekuja na hasira ya mtaa mzima, alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Maana wote walikuwa wameuona ule mkono wa kushoto. Haukunyooka. Mara zote tatu kiwiko kilibaki kimekunjwa kama cha mtu aliyebeba kikapu, na mwenyewe alikuwa na uhakika kwamba ameunyoosha hadi mwisho.

Elisaria akashuka ngazi, akalaza kitambaa kwenye fimbo ya chuma. Kilipungua shubiri na vidole vitatu.

“Rudia,” Ghanshyam alisema. Elisaria akarudia. Ikawa vilevile. Mzee akaitazama fimbo, akaugusa mwisho wake wa kulia, akageuka kwa Elisaria na kumuuliza polepole, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia dukani, “Wengine walijua?”

Elisaria hakuwa mtu wa kudanganya. “Walijua, mzee. Mama wa mapazia, yule wa Tandika, wale dada wawili wa Kigogo. Waliniambia nisikwambie. Walisema babu amepitia mengi.”

Hapo ndipo palipomchoma. Kupunja watu wiki tano ni aibu, lakini kupunja watu wakakuitikia “asante babu” na kwenda zao, hiyo ilimzidi. Alijiona mwizi aliyehurumiwa. Alikaa kwenye kile kiti ambacho hakukitaka, na aliposhikwa mkono na Chintan kupelekwa garini hakubisha.

Chintan hakuwa mtoto mbaya, tusimwonee. Alimpenda baba yake na alilipenda jina lililoandikwa juu ya mlango, na sasa aliona kimoja kinaua kingine. Akasema waziwazi mezani, mbele ya mama yake, kwamba atasubiri hadi mwisho wa mwezi wa saba. Kama hali ni hiyo hiyo, kaunta itang'olewa, watauza vipande vilivyokwisha kukatwa kiwandani, na baba atapumzika nyumbani kama wazee wenzake. Ghanshyam alijibu kwamba ni uamuzi mzuri. Kisha akala nusu ya sahani yake, na safari hii Indumati hakuizungusha. Alilia, akamweleza kila kitu, wali na ndevu.

Hospitali ikawapa mtaalamu wa mazoezi tiba, dada mmoja aitwaye Evelyn, kijana, mwenye subira na viatu vyeupe mno. Alikuja Upanga Jumanne na Ijumaa. Siku ya kwanza alimwekea Ghanshyam vifungo vya nguo ishirini mezani, akamwambia aviokote vyote. Mzee akaokota kumi na kimoja, akasema tayari.

“Macho yangu yameharibika?” aliuliza alipoonyeshwa vilivyobaki.

“Macho yako mazima, babu. Na mkono una nguvu zake zote. Tatizo ni mazungumzo.” Evelyn akavuta kiti. “Watu wanadhani kichwani kuna chumba cha kuona, chumba cha kufikiri, chumba cha mikono, kila kimoja na mlango wake. Hapana. Wote wanakaa ukumbi mmoja na wanapigiana kelele kutwa. Jicho linauliza, mkono uko wapi? Mkono unajibu, niko huku. Wazo linawasikia wote wawili ndipo linasadiki kwamba kuna upande wa kushoto. Kwako wewe ule mkono umeacha kujibu, na macho yamechoka kuuliza. Kwa hiyo upande wa kushoto ukitoweka, hata huoni kwamba kuna kitu kimetoweka.”

“Kwa hiyo mimi sidanganyi.”

“Hudanganyi. Unadanganywa.”

Ghanshyam alipenda jibu hilo, ingawa halikumsaidia. Kwa wiki tatu Evelyn alimwambia, “Nyoosha mkono wa kushoto, babu,” na kwa wiki tatu mkono ule ulinyooka nusu, ukasimama. Mzee aliutolea macho. Aliufikiria kwa nguvu zote, mpaka jasho likamtoka kiparani, na kadiri alivyoufikiria ndivyo mkono ulivyozidi kuwa wa mtu mwingine. Mara nyingine aliinua wa kulia bila kujua, akauliza kama imefaa. Evelyn alimfunga uzi mwekundu kwenye kidole cha kushoto ili macho yautafute. Alisahau uzi. Indumati alitoka kwenda barazani kila walipofanya zoezi hilo, hakuweza kutazama.

Elisaria alikuja kumwona Ijumaa moja wakati Evelyn yupo, amebeba jora la pazia begani. Alimsalimu mama Indumati, akanywa chai, akasema kwamba duka limepooza na kwamba Chintan anapima kwa fimbo kama mtu anayepima kaburi. Kisha, kwa kuwa alimwonea huruma mzee aliyekaa tu akitazama dirisha la kulia, akamrushia kitambaa mapajani.

“Mpimie mkeo pazia, mzee. Wari mbili. Mikono isilale.”

“Nitapunja.”

“Punja. Ni mkeo, atakushtaki wapi?”

Indumati akacheka, kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi. Ghanshyam akasimama, akapima wari mbili, mkono wa kushoto umekunjwa vilevile. Evelyn alikuwa anaandika kitu kwenye daftari. Na Elisaria, kwa mazoea tu, kwa ulimi uliosikia neno lile mara mia kwa siku kwa miaka ishirini na sita, akasema:

“Na nyongeza, babu!”

Mkono wa kushoto ukaruka. Ulitoka begani wote, kiwiko kikanyooka, vidole vikatanuka, shubiri kamili, na kitambaa kikaufuata. “Unanimaliza wewe, mama,” Ghanshyam alisema, kisha akatulia ghafla, maana kichwa chake kilikuwa kimegeuka kuufuata mkono, na kule mwisho wa mkono aliona meza ndogo, na juu ya meza picha ya harusi ya Chintan, mahali ilipokuwa siku zote.

“Nani ameirudisha ile picha?” aliuliza.

Indumati alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya sari. Evelyn alisimama, kalamu mkononi, akasema kwa sauti ndogo, “Mama, hebu rudia hilo neno.” Elisaria akarudia. Mkono ukaenda tena.

Evelyn aliwaeleza baadaye, huku naye akijitahidi asirukeruke mbele ya mgonjwa. Amri ya “nyoosha mkono” inapita kwenye njia iliyobomoka, mzee anaisukuma kwa kufikiri na kufikiri kunakwama. Nyongeza ina njia yake ya zamani, imekanyagwa miaka arobaini, ndani yake mna sauti ya mteja, utani, kitambaa na bega, vyote kwa pamoja. Na mkono ukishatangulia, macho yanaufuata, na macho yakifika kushoto, kushoto kunakuwepo tena. “Lakini msifurahi mkasahau kazi,” aliongeza. “Tutautumia huu mlango kila siku, mpaka mkono uzoee kwenda hata bila kuitwa. Na mjue hautarudi kama zamani.”

Basi nyumba ile ya Upanga ikawa soko. Asubuhi Indumati aliweka sahani mbele ya mumewe akasema, “Nyongeza,” na mkono ukaenda kuutafuta wali wa kushoto. Wajukuu walipiga kelele za nyongeza kwenye ngazi, kwenye lifti, hata hekaluni, wakakemewa. Mwenyewe alianza kujinong'oneza neno hilo kabla ya kila wari, midomo ikicheza kama anayesali. Alipima mapazia, mashuka, taulo, sari za mkewe zote hadi Indumati akafunga kabati. Siku nyingine alipata kumi kwa kumi. Siku nyingine, akiwa amechoka, mkono ulilala na alipunja bila kujua, na hilo ndilo lililomtia hofu: kwamba ndani yake, aliyepima vizuri na aliyepunja walijisikia sawasawa kabisa.

Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa saba akarudi dukani. Chintan alimwacha apite nyuma ya kaunta, lakini fundi wa kuing'oa alikuwa ameshapewa miadi, na wote walijua. Elisaria alimpigia Waridi simu, akamwambia njoo, na Waridi akaja, mikono kwapani, amesimama upande ule wa kaunta ambao mzee alikuwa anaupoteza.

“Wari tatu, mzee. Zambarau ile ile.”

Midomo ikacheza. Moja, kiwiko kikanyooka. Mbili, kikanyooka. Nje guta la mizigo lilikuwa limeziba njia na watu wanatukanana, na kwenye ya tatu Ghanshyam aligeuza shingo kidogo kuelekea kelele, kisha akamaliza. Akaweka kitambaa kaunta. Hakukata. Alichukua mkasi, akaurudisha. Zamani angeshakata na kukunja. Sasa alimtazama Waridi, na mtu huyu ambaye Kariakoo nzima ilimwamini bila kupima akamuuliza:

“Waridi. Imetosha?”

Chintan alikuwa amesimama nyuma ya baba yake. Alimkazia Waridi macho, akamwashiria kwa kichwa taratibu, akimwomba aseme ndiyo, imetosha, tumalize. Waridi alimwona. Alilaza kitambaa kwenye fimbo, akapitisha kidole polepole hadi mwisho, na uso wake mpana ukajikaza kwa jambo gumu alilotaka kusema.

“Haijatosha, mzee. Imepungua vidole viwili.”

Elisaria alifumba macho. Chintan alipumua kwa nguvu, akasema, “Baba…”

Lakini Ghanshyam alikuwa ameinua mkono kumnyamazisha. “Upande gani?”

“Huku kwangu. Nipe mkono wako.” Waridi akaushika ule mkono wa kushoto, mkono wa mzee wa watu, akauweka kwenye ncha ya kitambaa, akauburuta hadi kwenye fimbo pale wari ilipoishia. Vidole viwili vya chuma kitupu. Ghanshyam alivipapasa. Kichwa kikageuka, macho yakaufuata mkono, yakafika.

“Nimeviona,” alisema. Na kwa kuwa alikuwa ameviona kweli, na kwa kuwa mtu amemwambia ukweli kama anavyoambiwa mfanyabiashara yeyote mzima, machozi yakamtoka pale pale mbele ya wateja, na hakujali. Alivuta kitambaa vidole viwili, akahakikisha kwa mkono, akahakikisha kwa macho, akakata.

Mama mmoja aliyekuwa nyuma ya Waridi, mwenye haraka zake, akamnyooshea Chintan jora la kodrai. “Kaka, nihudumie wewe basi, nachelewa.”

Chintan alimtazama baba yake aliyekuwa anakunja kitambaa taratibu, pembe kwa pembe, mkono wa kushoto ukitafuta njia. Akalichukua jora kwa yule mama, akalilaza kwenye kaunta mbele ya mzee.

“Subiri kidogo, mama,” alisema. “Baba anapima.”